Queen of Katwe: filamu iliyoishia mwanzoni

Queen of Katwe ya Mira Nair (2016) nimeiangalia mara tatu, na mara zote imenikwaza palepale: inaisha wakati Phiona Mutesi ndiyo kwanza anaanza. Mama kapata nyumba, mtaa unashangilia, basi.

Sisemi ni filamu mbaya, hapana. Lupita Nyong'o, kama mama Harriet, ana jicho la mtu ambaye hajalala vizuri tangu azae. Naye Nair, aliyeishi Kampala miaka mingi, hakuigeuza Katwe kuwa mahali pa kuonewa huruma tu. Mafuriko yapo, njaa ipo, lakini kuna vitenge, utani, na watoto wenye midomo kwelikweli.

Tatizo ni kwamba sataranji ni mchezo wa subira ndefu. Pita vijiwe vya drafti hapa Moshi: anayeogopwa mara nyingi si kijana mwenye haraka, ni mzee na vizibo vyake vya soda, anayekuachia kete moja makusudi kwa sababu keshaona utakapoangukia. Viktor Korchnoi aligombea ubingwa wa dunia na Karpov mwaka 1978, akashindwa. 1981 akashindwa tena. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 2011, akiwa na miaka 80, akachukua ubingwa wa Uswisi! Maisha kama hayo ungeyatengenezeaje filamu ya saa mbili?

Phiona alicheza Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk 2010, na ya Istanbul 2012 ikampa cheo cha WCM, ambacho ni ngazi ya chini kabisa katika vyeo vya wanawake vya FIDE. Kupanda zaidi kunataka, pamoja na mengine, ukutane na wachezaji wenye vyeo kutoka nchi nyingine. Kwa mtu wa Kampala, hiyo maana yake ni tiketi ya ndege, viza, na mtu wa kulipa. Yaani ukuta halisi ulikuwa hapo, baada ya nyimbo na vigelegele, na filamu haikuugusa. Mwaka 2017 Phiona alikwenda kusoma Northwest University, jimbo la Washington, Marekani.

Mwishoni kabisa, majina yakipita, kila mwigizaji anasimama kando ya mtu aliyemwigiza. Phiona halisi anatokea pembeni ya Madina Nalwanga, kwa sekunde chache tu. Mimi ningeanzia hapo.