"Wewe" wa Mwongozo Ni Nani?

Miongozo ya kupanda bangi ndani ya nyumba ina mhusika mkuu mmoja, naye hana jina. Anaitwa wewe. Wewe chagua chungu chenye matundu chini. Wewe ning'iniza taa, uipandishe kadiri mche unavyorefuka. Sauti yake ni ya upole, kama ya shangazi anayemfundisha mtoto kusonga ugali. Nasomea fasihi, kwa hiyo naisoma kama ninavyosoma utanzu mwingine wowote: nani anasema, na anamwambia nani? Nikiuliza hivyo nikiwa Kiomboi, upole ule unaanza kunitia wasiwasi.

Tuanze na taa. Mmea unaopenda jua umewekewa taa kwa nini? Baridi ya kaskazini ni sababu mojawapo. Nyingine ni polisi. Jorge Cervantes alipotoa *Indoor Marijuana Horticulture* huko Marekani mwaka 1983, jina hilo lilikuwa la bandia, na kwa miaka mingi alijitokeza hadharani akiwa na wigi la rasta kichwani. Mwaka 1989 serikali ya nchi hiyo iliendesha Operation Green Merchant, msako uliowaandama wauzaji wa taa na vifaa vya kilimo cha ndani, hata waliotangaza biashara zao kwenye jarida la *High Times*. Utanzu huu umekulia mafichoni. Chungu nacho kina historia hiyohiyo: mmea uliozamisha mizizi ardhini hauhami, wa kwenye chungu unabebeka mgeni akipiga hodi. Mwongozo utakusifia chungu cha kitambaa kwa sababu kinapitisha hewa kwenye mizizi, na ni kweli kinapitisha. Habari ya kubebeka inapitiwa harakaharaka.

Tafsiri za Kiswahili nilizokutana nazo zinaongeza kichekesho chake. Zinamwambia msomaji apande mbegu kwenye sufuria. Kwa Kiingereza neno moja linabeba chungu, sufuria na hata bangi yenyewe. Mfasiri kachagua la jikoni. Mtu yeyote aliyewahi kuotesha mche hapa Iramba angesema kopo, ndoo iliyotobolewa, au kiriba. Mama yangu mdogo anaotesha nyanya kwenye viriba na mchicha kwenye ndoo kuukuu ya rangi, ukutani upande wa mashariki. Nilipomweleza kwamba kuna watu wanaunguza umeme mchana kutwa ili mche upate mwanga, alinitazama kwanza. "Taa ya nini, mwanangu, na jua lote hili?"

Swali lake ni la kihakiki kuliko anavyojua. Bangi husoma urefu wa usiku: usiku ukirefuka, mmea huanza kutoa maua. Ndiyo maana miongozo inaagiza saa 18 za mwanga na 6 za giza mwanzoni, kisha 12 kwa 12. Ratiba hiyo ni kiangazi cha kaskazini kilichofungiwa kwenye swichi. Kiomboi iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote inaizidi fupi kwa nusu saa tu. Kumi na mbili kwa kumi na mbili ndiyo maisha yetu mwaka mzima, na alizeti za Singida hazijalalamika. Tena kuna LUKU. Taa ya wati 100 ikiwaka saa 18 inakula uniti 1.8 kwa siku, yaani uniti 54 kwa mwezi, wakati mteja mdogo anapata bei nafuu akibaki ndani ya uniti 75. Mwongozo unaoitwa wa "anayeanza" ungepaswa kuijua hesabu hii kabla ya rangi ya mwanga.

Lakini nisiwe mchoyo wa sifa. Kuna fundisho moja ninalolipenda katika maandishi haya: usimwagilie kwa kalenda, inua chungu upime uzito wake kwa mkono. Kikiwa chepesi, maji. Kikiwa kizito, ngoja. Hapo mwandishi anaacha kuuza vifaa, anafundisha mwili. Kurasa za namna hiyo zingekuwa nyingi, ningeupa utanzu huu heshima kubwa zaidi.

Tatizo langu kubwa liko kwa yule wewe. Kanada iliruhusu bangi Oktoba 2018, na sheria ya shirikisho inakubali miche minne kwa kaya. Ujerumani iliruhusu mitatu kwa mtu mzima, Aprili 2024. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba ilifungua mlango wa kupanda faraghani Septemba 2018. Wewe wa mwongozo ni raia wa huko. Ana chumba chake na sheria yake. Mfasiri anambeba mzimamzima hadi kwa kijana wa miaka 19 aliyepanga chumba kimoja Kiomboi, mwenye jirani anayesikia hata kikohozi chake, katika nchi ambayo Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaharamisha kulima bangi, uwe na ekari au na kopo. Adhabu yake ni jela. Tafsiri inamwachia sentensi moja mwishoni: zingatia sheria za eneo lako. Kana kwamba sheria ni mvua, utaiona ikija.

Bangi halisi ya Tanzania, ile ambayo Mamlaka inakwenda kuifyeka na kuichoma Arumeru na Tarime, inaota shambani, chini ya jua, mara nyingi katikati ya mahindi. Haina taa wala chungu. Mkulima wake hajawahi kuitwa wewe na kitabu chochote, na anayekamatwa ni yeye. Sijaona bado mwandishi wa Kiswahili aliyekaa naye akaandika habari zake bila kumgeuza mhalifu au shujaa. Ningeisoma hiyo kabla ya tafsiri nyingine ya taa.