Usiku GitLab ilipotafuta bekapu

Tukio la GitLab la tarehe 31 Januari 2017 husimuliwa kwa sentensi moja: mhandisi alifuta folda ya data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya akiba. Ni kweli, na kwa mwalimu anayetaka kuwashtua wanafunzi wake inatosha. Ila ukiisoma ripoti ndefu ambayo kampuni yenyewe iliitoa siku kumi baadaye, unaona kwamba kosa lile la sekunde moja au mbili ni sehemu ndogo ya habari. Kabla yake na baada yake kuna programu zilizonyamaza pale zilipopaswa kusema, na watu ambao, kwa sababu hakuna kilichowaambia lolote, waliamini mambo yanakwenda sawa.

Tuanze na mitambo yenyewe. GitLab.com, huduma ambako watengenezaji wa programu huhifadhi kazi zao na kujadiliana, wakati huo ilitegemea hifadhidata moja ya PostgreSQL 9.6 yenye takribani gigabaiti 300. Seva za hifadhidata zilikuwa mbili tu. Ya kwanza, db1, ilibeba mzigo wote wa kusoma na kuandika. Ya pili, db2, ilifuata nyuma ikinakili kila kinachotokea, ikisubiri siku db1 itakapokufa.

PostgreSQL haibadilishi majedwali kabla ya kuandika badiliko hilo kwenye daftari lake la matukio, linaloitwa WAL. Daftari hilo hukatwa vipande vya megabaiti 16, na seva ya pili huvivuta kimoja baada ya kingine na kurudia kilichoandikwa humo. Seva kuu haivitunzi vipande hivyo milele. Kazi ya kuandika ikizidi, vipande vya zamani huondolewa, na seva ya pili ikiwa imechelewa kuvichukua, imekwama: hakuna namna ya kuruka ukurasa uliokosekana. Dawa zinajulikana. Unaweza kuhifadhi kila kipande mahali pengine kinapokamilika, au kuifungulia seva ya pili nafasi maalumu inayoizuia seva kuu kufuta kisichochukuliwa (ukikubali hatari ya diski kujaa iwapo seva ya pili itazimika ukasahau). GitLab hawakuwa wakihifadhi vipande vya WAL popote.

Jioni ile mzigo ulipanda. Kuanzia kama saa moja usiku, kwa saa za Greenwich, walishuku kuna watu wanaoingiza takataka kwa wingi kwenye mfumo. Baadaye ikabainika pia kwamba kazi ya nyuma ya pazia ilikuwa ikijaribu kuifuta akaunti ya mfanyakazi wa GitLab mwenyewe, baada ya mtu mwenye nia mbaya kuiripoti kuwa ni ya mhalifu. Ilipofika saa tano usiku, db2 ilikuwa imeachwa nyuma kiasi kwamba vipande ilivyovihitaji havikuwepo tena. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kuisafisha db2 na kuijaza upya kwa pg_basebackup, programu inayokuja na PostgreSQL yenyewe kwa ajili ya kazi hiyo.

Hapa ndipo panapofaa kusomwa taratibu, kwa sababu yeyote aliyewahi kusimamia PostgreSQL atajitambua. Pg_basebackup ilikataa kwanza: seva kuu haikuwa na nafasi za kutosha za kutuma data kwa wafuasi, kwa kuwa max_wal_senders iliwekwa 3. Wakaipandisha hadi 32 na kuiwasha upya PostgreSQL. Ikagoma kuwaka, ikilalamikia semafoo (nyenzo za kuratibu michakato) za mfumo endeshi. Chanzo kilikuwa max_connections, iliyokuwa 8000, na ilikuwa imekaa hivyo karibu mwaka mzima bila kuleta shida. PostgreSQL huipa kila muunganisho mchakato wake na hutenga rasilimali kwa kuangalia idadi ya juu uliyoandika, hata kama hutaifikia kamwe; thamani inayokuja na programu ni 100. Wakaishusha hadi 2000, seva ikawaka. Mpaka hapa kila kikwazo kilikuwa kimejieleza chenyewe, na kila kimoja kilitatuliwa.

Kisha wakaanzisha pg_basebackup tena. Safari hii haikutoa kosa. Haikutoa chochote. Ilikaa tu.

Tabia hiyo ni ya kawaida. Kabla ya kutuma hata baiti moja, pg_basebackup huisubiri seva kuu imalize kumwaga kwenye diski mabadiliko yote yaliyo kwenye kumbukumbu ya muda, na usipoiambia ifanye haraka, seva hufanya hivyo polepole kwa makusudi ili isiwasumbue watumiaji. Dakika kadhaa zinaweza kupita. Katika toleo lile programu ilisubiri bila kumwambia mtu kwamba inasubiri. Jambo hilo halikuwa kwenye mwongozo wa kazi wa GitLab, na kwa mujibu wa ripoti yao, halikuelezwa waziwazi hata kwenye nyaraka rasmi za programu yenyewe. Mtu aliyekwishashindana na makosa mawili akakutana na ukimya huo, na akautafsiri kama kosa la tatu: pengine majaribio ya awali yameacha mabaki kwenye folda ya data ya db2, ndiyo maana programu imekwama. Akaamua kuifuta folda hiyo. Dirisha alilokuwa akiandikia lilikuwa la db1.

Aligundua mara moja na kukatisha. Kati ya gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama nne na nusu.

Kuanzia hapo wakaanza kutafuta bekapu, na kwa mchambuzi hii ndiyo nusu nzito zaidi ya kisa. Kwenye karatasi zilikuwepo. Kila siku pg_dump ilipaswa kutoa data yote na kuipeleka kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon. Walipofungua, palikuwa patupu. Kazi hiyo haikuendeshwa kwenye seva ya hifadhidata bali kwenye seva ya programu, na kifurushi cha GitLab huchagua toleo la pg_dump kwa kusoma faili iitwayo PG_VERSION iliyo ndani ya folda ya data. Seva ya programu haina folda ya data, hivyo faili haipo, hivyo kifurushi kikachukua toleo lake la chaguo-msingi, yaani 9.2. Pg_dump ya zamani hukataa kusoma seva ya toleo kubwa jipya kuliko lake, na ina haki ya kukataa, kwa kuwa haiwezi kujua muundo uliobuniwa baada yake. Ilikuwa ikikataa kila siku.

Ilikuwa ikisema, tena. Cron, programu inayoendesha kazi kwa ratiba, ilituma barua pepe kila kazi iliposhindwa. Barua hizo hazikuwa zimewekewa DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua pepe, mpokeaji akazitupa, na hakuna aliyeona hata moja. Mimi naiona hii kuwa sehemu ya kutisha kuliko amri ya kufuta. Mlolongo ulikuwa na kinga mbili, programu inayogoma vizuri na mfumo unaotoa taarifa, zote zikafanya kazi yake barabara, na matokeo yakawa sifuri.

Picha za diski za Azure, wingu la Microsoft ambako seva zao zilikaa, je? Zilikuwa zimewashwa kwa seva za mafaili, si kwa seva za hifadhidata. Ilidhaniwa kwamba bekapu nyingine zinatosha. Db2 ilikuwa imesafishwa na mikono yao wenyewe. Ikabaki LVM, inayopiga picha ya diski nzima papo kwa papo. Picha hizo zilichukuliwa mara moja kwa siku, na lengo lake lilikuwa kupeleka data ya kweli kwenye mazingira ya majaribio. Kwa bahati, saa 11:20 jioni siku ileile, mhandisi alikuwa amechukua moja kwa mkono, nje ya ratiba, kwa sababu alitaka kujaribu namna ya kugawa mzigo wa hifadhidata. Bila jaribio lile wangerudi nyuma hadi saa ishirini na nne. Pamoja nalo walipoteza takribani sita.

Kurejesha kulichukua saa nyingi, na sababu inafundisha: seva za majaribio zilikuwa na diski za bei nafuu, na kunakili gigabaiti zile kurudi kwenye uzalishaji, yaani seva zinazowahudumia watumiaji, kulikula kama saa 18. Nani hufikiria kasi ya diski ya majaribio siku anapoichagua? Wakati wakisubiri, GitLab waliweka waraka wa kazi yao wazi kwa umma na kurusha zoezi moja kwa moja YouTube. Kwa makadirio yao, yaliyopotea yaligusa miradi kama 5,000, maoni kama 5,000 na watumiaji wapya kama 700. Misimbo yenyewe haikuguswa, kwani ilikaa kwenye seva za mafaili.

Kuna hatua moja ya urejeshaji ambayo wengi hawaitaji, nami naipenda. Kabla ya kufungua milango, waliongeza 100,000 kwenye kila kihesabio kinachotoa namba za utambulisho. Fikiria mradi uliosajiliwa saa tatu usiku ukapewa namba fulani. Hifadhidata iliyorejeshwa haiujui, lakini folda yake ya mafaili bado ipo na viungo vyake vimeshatumwa kwa watu. Namba hiyo ikitolewa tena kesho kwa mtu mwingine, mgeni anaweza kuangukia kwenye mali ya mwenzake. Kuruka namba laki moja ni rahisi kuliko kusafisha mgongano mmoja wa aina hiyo.

Baada ya tukio yalikuja marekebisho, likiwemo la kubadilisha rangi ya mstari wa amri: nyekundu kwa uzalishaji, manjano kwa majaribio. Halina ubaya, ila lisingesaidia sana usiku ule. Db1 na db2 zote ni za uzalishaji, zote zingekuwa nyekundu. Lenye uzito zaidi lilikuwa la kumteua mtu mwenye dhamana ya uimara wa data, pamoja na kuweka ufuatiliaji wa bekapu na kujaribu kuzirejesha mara kwa mara. Waundaji wa PostgreSQL nao wamepunguza ukimya. Siku hizi ukiiomba pg_basebackup ieleze inachofanya, hutamka kwamba inasubiri, na tangu toleo la 13 la mwaka 2020 kuna mwonekano wa pg_stat_progress_basebackup wa kufuatilia hatua zake, pamoja na pg_verifybackup ya kukagua kama nakala imekamilika.

Haya si ya kampuni kubwa peke yao. DHIS2, mfumo ambao wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu za vituo vya tiba, unakaa juu ya PostgreSQL. Anayeisimamia seva ya namna hiyo mara nyingi ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine tano, na bekapu yake ni mstari mmoja wa cron ulioandikwa na mtangulizi wake. Mstari huo hauthibitishi kitu. Wala faili iliyopo kwenye diski haithibitishi: pg_dump iliyokatika katikati huacha faili pia.

Kinachothibitisha ni seva ya pili, hata kompyuta ya mezani, inayochukua bekapu ya jana kila usiku, kuirejesha kwenye hifadhidata tupu, kisha kuuliza jedwali linaloandikwa kila siku: rekodi yako ya mwisho ni ya lini? Jibu litumwe kila asubuhi, liwe zuri au baya, kwa mtu mwenye jina, kwenye simu anayoishika. Asubuhi ambayo ujumbe haukufika ichukuliwe kama asubuhi ambayo bekapu imeshindwa, na uchunguzi uanzie kwenye toleo la pg_dump.