Jina la Babu Gazetini

Magazeti ya wakati wa Wabelgiji hayakuandikwa kwa ajili ya mkulima wa Masisi wala mwindaji wa Walikale, mashariki mwa Kongo. La Voix du Congolais, lililotoka Léopoldville kati ya 1945 na 1959 chini ya Antoine-Roger Bolamba, liliwapa Wakongo nafasi ya kuandika, lakini wenye kalamu walikuwa wachache. Babu akionekana humo, ni kwa bahati: karani aliyehamishwa, mwalimu wa misheni.

Ndiyo maana nawavulia kofia wapekuzi wazuri wa ukoo. Hawa hawahangaiki na vichwa vikubwa vya habari. Kabla ya kufungua gazeti, wameshajaza daftari kwa sura zote za jina moja: Gishari na Kishali, Costermansville na Bukavu. Kwa Wanyanga wa Walikale wanakumbuka kuwa mzee huweza kuitwa kwa jina la mwanawe, kama Shemwindo, baba wa Mwindo katika utendi aliourekodi Daniel Biebuyck mwaka 1956. Kwa familia ambazo utawala ulizileta Masisi kutoka Rwanda kuanzia 1937, wanavuka mpaka na kupekua Kinyamateka, gazeti la Kabgayi lililoanza 1933.

Halafu unafika mwaka 1972. Mobutu anapiga marufuku majina ya Kikristo, na Joseph wa gazeti la 1958 anatoweka. Amekuwa nani? Hapo mpekuzi anaacha gazeti na kwenda parokiani kuomba kitabu cha ubatizo. Kidole chake kinashuka polepole kwenye safu za wino uliofifia: mtoto, baba, mama, kisha msimamizi. Wengi huishia kwa baba. Yeye hutulia kwa msimamizi, kwa sababu huyo mara nyingi ni shangazi au jirani, na kijijini bado wapo wanaojua alikuwa wa nani.

Karatasi humpa mwaka. Undugu anaupata kwa wazee, na wazee wenyewe wametawanyika. Tangu mauaji ya 1993 huko Walikale na Masisi watu wamekimbia mara nyingi, vyeti vikapotea njiani, na mzee wa kuulizwa huenda yuko mbali na kijiji chake. Anamfuata huko, anamsikiliza bila kumkatiza, na jibu lisipolingana na kitabu halilazimishi.

Kama una mzee nyumbani, mwulize leo alibatizwa parokia gani, mwaka gani, na nani alimsimamia. Andika majina yote jinsi anavyoyatamka.