Maandishi Yaleyale, Sura Zaidi ya 200

Mwezi Mei 2003, Dave Shea, msanifu wa tovuti wa Kanada, aliweka mtandaoni ukurasa mmoja alioupa jina CSS Zen Garden, akawaita wasanifu wenzake waje kuupamba. Sharti lilikuwa moja: faili la HTML, lenye maandishi na mpangilio wa sehemu zake, lisiguswe hata herufi. Kila mshiriki alileta faili lake la CSS, yaani maagizo ya rangi, herufi na nafasi, pamoja na picha za mapambo. Zimepatikana sura zaidi ya 200 za ukurasa ule mmoja, na mgeni akifungua mbili kwa kufuatana hawezi kudhani kuwa anasoma kitu kilekile.

Namna kazi ile ilivyofanywa bado ni somo kwa kila mwenye tovuti ndogo anayetaka kuibadili sura bila kuajiri fundi.

CSS yenyewe haikuwa ngeni wakati huo. Håkon Wium Lie aliipendekeza Oktoba 1994 akiwa kituo cha utafiti cha CERN, na toleo la kwanza likaidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Desemba 1996. Kikwazo kilikuwa vivinjari, kwani kila kimoja kiliisoma kwa namna yake. Wasanifu wengi waliendelea kujenga kurasa kwa majedwali yaliyopachikwa ndani ya majedwali, na rangi ikiandikwa papo hapo kwenye kila aya. Tovuti ya kurasa 50 ikitaka kubadili rangi ya vichwa vya habari, fundi alifungua kurasa zote 50. Zaidi ya hayo, wengi waliamini kwamba ukurasa wa CSS lazima uwe mkavu, usio na mvuto. Shea aliwajibu kwa vitendo.

Ufundi wa kwanza wa faili lake ni majina. Sehemu ziliitwa kwa kazi zake: utangulizi, maelezo, ushiriki, masharti. Ukikiita kisanduku “chekundu-kushoto”, jina hilo linakuwa la uongo siku utakapokihamishia kulia na kukipaka kijani. “Utangulizi” hubaki utangulizi popote utakapouweka. Ufundi wa pili ni vishikizo. Mwishoni mwa faili aliacha visanduku sita vitupu, visivyo na neno hata moja, ili msanifu apate pa kutundika pambo la ziada. Hapo alikiuka kidogo kanuni yake mwenyewe, kwa kuwa visanduku vile havikuwa na maana yoyote kwa msomaji. Siku hizi havihitajiki: ::before na ::after hufanya kazi hiyo ndani ya CSS yenyewe.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwenye vichwa. Ukurasa ulilazimika kutegemea aina za herufi zilizomo kwenye kompyuta ya msomaji, kwa hiyo wasanifu walikificha kichwa cha maandishi na kuweka picha yake. Kilipendeza machoni, lakini njia iliyoenea ya kukificha ilizifanya programu nyingi zinazowasomea wasioona zikiruke kabisa. Leo @font-face hukuruhusu kuleta herufi uzitakazo, na kichwa kikabaki maandishi halisi.

Sasa tulete ufundi huo kwenye ukurasa wa Kiswahili. Violezo vingi vya bure vya tovuti vimepimwa kwa Kiingereza, lugha ya maneno mafupi. Neno “wasingetutambulisha” lina herufi 19 bila nafasi hata moja katikati. Likikaa kwenye kichwa kikubwa juu ya skrini nyembamba ya simu, hutokeza nje ya ukingo na kuufanya ukurasa mzima uyumbe kulia na kushoto. Ndani ya aya iliyonyooshwa pande zote mbili, maneno ya namna hiyo husukumwa mstari wa chini na kuacha mapengo makubwa juu yake. Dawa yake ni mistari hii ya CSS:

text-align: left;
overflow-wrap: break-word;
max-width: 38em;
line-height: 1.6;

Wa kwanza unaondoa mapengo kwa kuacha ukingo wa kulia bila kunyooshwa. Wa pili unaruhusu neno likatwe pale tu linapokosa nafasi. Kivinjari hukata popote bila kujali silabi, kwa hiyo huo ni ulinzi wa mwisho. Kwanza punguza ukubwa wa vichwa kwenye simu. Wa tatu unazuia mstari usitambae skrini nzima ya kompyuta hadi jicho lipoteze mwanzo wa mstari unaofuata. Wa nne unatenganisha mistari.

Kisha fungua HTML ya kiolezo chako utazame mstari wa juu kabisa. Ukikuta lang="en", andika lang="sw". Kosa hili halionekani kwa macho, lakini programu ya kumsomea asiyeona huweza kukitamka Kiswahili chako kwa sauti za Kiingereza. Hakikisha pia kuwa kuna mstari huu:

<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">

Agizo la viewport lilianzishwa na Apple kwa ajili ya iPhone mwaka 2007. Lisipokuwepo, simu huchora ukurasa kana kwamba skrini ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha huubana wote, na msomaji hubaki akivuta herufi kwa vidole viwili.

Picha nazo zipewe max-width: 100% na height: auto ili zisizidi upana wa skrini. Hapa wengi hujidanganya. Mistari hiyo hupunguza ukubwa unaoonekana tu, faili halipungui. Picha ya MB 3 iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu italila bando la msomaji vilevile, hata ikionekana ndogo kama stempu. Ipunguze kabla ya kuipandisha, na zile za chini ya ukurasa ziongezee loading="lazy" ili kivinjari kisubiri mpaka msomaji azikaribie.

Mistari ya CSS iwekwe mwisho wa faili la CSS la kiolezo, kwa sababu maagizo mawili yenye uzito sawa yakigongana, la mwisho ndilo hufuatwa. Agizo lako likikataa kufanya kazi, chunguza uzito: agizo la darasa (class) hulishinda la lebo (tag), na la id hulishinda la darasa. Usikimbilie !important. Leo itakusaidia, lakini kesho utakapotaka kubadili tena utalazimika kuandika nyingine ya kuishinda ile, na baada ya muda hutajua kipi kinatawala nini. Kabla ya kuhifadhi chochote, jaribu kwanza kwenye kompyuta kwa zana za kivinjari, ambazo hufunguka kwa F12. Mabadiliko ya humo hufutika ukipakia ukurasa upya, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Na nakala ya kiolezo cha zamani itunze pembeni.

Kipimo cha mwisho ni kile ambacho faili la Shea lilikifaulu: zima CSS yote, kisha usome ukurasa kutoka juu hadi chini. Ukisomeka kwa mpangilio unaoeleweka, msingi wako ni imara na hiyo mistari michache yatosha. Ukivurugika, usinunue kiolezo kingine kwanza. Panga upya maandishi yako, maana hakuna rangi itakayoficha mpangilio mbovu.