Chemirocha: Gitaa la Mgeni katika Fasihi Simulizi ya Wakipsigis

Aghalabu wimbo wa "Chemirocha" huchukuliwa kama kichekesho: wasichana wa Kipsigis walisikia santuri za Jimmie Rodgers (1897–1933), mpiga gitaa na mwimbaji wa muziki wa kantri kutoka Mississippi, wakamdhania kiumbe nusu mtu nusu paa. Makala haya yanadai kuwa usomaji huo unaudhalilisha utungo wenyewe.

Hugh Tracey alirekodi nyimbo tatu za jina hilo mwaka 1950 huko Kapkatet, si mbali na Sosiot. Mbili ziliimbwa na wanaume. Ya tatu, iliyo mashuhuri zaidi, iliongozwa na Chemutoi Ketienya akiitikiwa na wasichana. Maelezo ya nusu paa yalienezwa na Tracey. Ndiyo yaliyosafiri na wimbo ng'ambo, na wengi huyasoma kabla ya kusikiliza.

Tuanze na fani. Jina la mgeni limepewa umbo la Kikipsigis: linaanza na Che-, kama Chepkoech na Chemutai. Gitaa nalo halikuigwa. Nafasi yake imeshikwa na kinubi, kinachorudiarudia mdundo mfupi chini ya sauti za wasichana. Huu si mwigo bali ni uasilishaji.

Kimaudhui, santuri ilileta sauti isiyo na mwili. Rodgers alikuwa amekwisha kufa kwa kifua kikuu miaka 17 kabla ya Tracey kufika. Wasichana wanamwalika acheze, aruke hadi nguo zimvuke. Je, huu ni ujinga? La, ni utani, na anayetaniwa amekwisha kuhesabiwa kuwa mwenyeji. Asiye na mwili anapewa mwili, tena wa mchezaji ngoma.

Kinaya ni kwamba yaliyompata Rodgers yaliwapata wasichana pia. Sauti zao zilitangulia ng'ambo, na wasikilizaji wa huko wakawaundia sura ya watoto wa porini wasioelewa. Rekodi ziliporejeshwa Kapkatet katika miaka ya 2010, baadhi ya walioimba walikuwa wangali hai, wazee wenye kumbukumbu zao.

Kwa kuhitimisha, uhakiki wa utungo huu hauwezi kutegemea muhtasari wa mkusanyaji. Unahitaji maneno yote ya wimbo, yaliyonukuliwa na kufasiriwa na wasemaji wa Kikipsigis. Hiyo ni kazi ya wanafunzi wetu, maadamu wazee wangalipo.