Shamba la Nani? Uhakiki wa Picha ya Ndege

Huenda msomaji akashangaa kuona jarida la uhakiki wa fasihi likipewa makala juu ya picha za ndege. Mwenzangu mmoja wa mwaka wa tatu alipoisikia mada hii alicheka, akaniambia, "Bwana wee, hiyo wapelekee watu wa zuolojia." Sipeleki. Picha ina mtunzi, ina mtazamo, ina mambo iliyoyachagua na mengine iliyoyaacha nje. Na palipo na uchaguzi mhakiki ana kazi. Tena nitaanza na picha ninayoifahamu kuliko zote, ambayo ni ya kwangu mwenyewe.

Niliipiga mwezi wa sita mwaka jana, nilipokwenda nyumbani Shinyanga msibani. Ilikuwa jioni, na kundi la kwelea kwelea lilikuwa linageuka angani kama moshi. Nilikuwa na kamera ya mtumba niliyoinunua kwa kujibana kwenye fedha za mkopo, nikapiga. Juu kulikuwa na wingu jekundu, katikati kundi limejipinda mfano wa herufi S, na chini nikaacha mstari mwembamba mweusi, basi. Niliporudi chuoni nikaibandika kwenye ubao wa idarani kwetu, nikaipa jina "Machweo". Watu walisimama. Mmoja alisema hili ni shairi, mwingine akaleta habari za urari na mapigo. Sitaki kuficha: kichwa kilivimba.

Likizo ndefu ilipofika nikamchukulia babu nakala. Aliiangalia kwa muda mrefu, akaiinamisha kuelekea kwenye mwanga wa mlango, kisha akauliza:

"Hapo ni shamba la nani?"

"Babu, hapo hakuna shamba. Ni ndege tu."

"Mjukuu wangu, kwelea hawaji pasipo na shamba."

Kwa kweli shamba lilikuwepo. Ule mstari mweusi wa chini, ambao wenzangu waliuita upeo wa macho, ulikuwa mtama wa mama mmoja jirani yetu, mjane. Mimi mwenyewe nilikuwa nimesimama ndani yake. Mkono wangu wa kushoto palikuwa na dungu, na juu ya dungu watoto wake wawili waliokuwa wakipiga debe tangu alfajiri. Debe lilipolia kundi lilinyanyuka, likapinda. Kwa hiyo ile herufi S iliyosifiwa idarani iliandikwa na watoto wale, na mimi nikatia sahihi.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Kwelea mmoja ni mdogo, uzito wake haufiki gramu 30, lakini hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja, na yapo makubwa zaidi ya hilo, linamaliza tani 10 kwa siku moja. Wataalamu humhesabu kuwa ndege wa porini mwenye idadi kubwa kuliko wote duniani. Serikali hupambana naye kwa kurusha ndege ya kunyunyizia sumu kwenye malalo yao (ndege juu ya ndege, lugha yetu ina mizaha yake), na sumu hiyo haichagui: mwewe na bundi wanaokula mizoga nao hufa. Pale ambapo ndege ya sumu haifiki panabaki debe, kombeo na mtoto.

Kiswahili kina kitenzi mahsusi kwa kazi ya mtoto huyo: kuamia. Mwenye kuamia hutazama ndege kuanzia mapambazuko hadi giza, wiki nyingi mfululizo. Anajua wanakuja kutoka upande gani, wanakwenda kunywa saa ngapi, na anamtofautisha kwelea na mnana wakiwa bado vitone angani. Siku hizi tunasikia habari za watu wanaosafiri na darubini ili watazame ndege kwa burudani, na mimi nimo kundini humo. Lakini mtoto wa dungu hatujawahi kumwita mtazama ndege, eti kwa sababu yeye anafukuza. Na siku anapotazama ndege huwa hayupo darasani.

Sasa fani. Picha nyingi za ndege tunazozisifu zimejengwa kwa namna moja: ndege peke yake, jicho linang'aa, nyuma yake kila kitu kimefifishwa hadi kikawa rangi tupu. Nadhani umbo hili tumeliazima kutoka kwenye vitabu vya utambuzi. Kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe cha mwaka 2002, ambacho wengi hukitumia Afrika Mashariki, kimechora ndege wake hivyo, na ni haki yake, maana kazi yake ni kumsaidia mtu atofautishe mdomo na mdomo, bawa na bawa. Fani yake inafaa maudhui yake. Kosa ni letu sisi tunaoichukua fani ya kutambulisha, tukaiita sanaa, bila kujiuliza ile rangi tupu ya nyuma ilikuwa nini kabla hatujaififisha.

Linganisha na Aniceti Kitereza, jirani yetu wa Ukerewe, aliyeandika riwaya ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Wapo wanaolalamika kwamba mzee yule anaeleza mno: kilimo, uvuvi, dawa, pombe, kila kitu. Lakini ndiyo nguvu yake. Kwake mandhari haiachani na kazi ya mikono ya watu. Nikiisoma baada ya swali la babu, "Machweo" yangu naiona kama riwaya iliyong'olewa sura zote za katikati.

Na kwetu Shinyanga nyuma ya ndege hapajawahi kuwa patupu. Chukua wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso mwekundu, ambao makao yao ya asili ni huku kwetu kusini mwa Ziwa Viktoria. Kitabuni wanaitwa kwa jina la Gustav Fischer, daktari Mjerumani aliyepita pande hizi katika msafara wake wa 1885 hadi 1886, akafariki mwaka huohuo wa 1886. Jina alilipachika mwenzake Reichenow mwaka 1887. Miaka ya 1980 kasuku hao walikamatwa na kuuzwa nje kwa wingi mno.

Ama C.F.M. Swynnerton. Huyu alikuwa mpenzi hodari wa ndege, hata yupo ndege mdogo wa misituni anayeitwa kwa jina lake. Ndiye aliyeongoza utafiti wa mbung'o, makao yake makuu yakiwa Shinyanga, hadi alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia mojawapo ya kumwondoa mbung'o ilikuwa kufyeka pori, na waliofyeka ni babu zetu. Simlaumu kirahisi, mbung'o aliua ng'ombe. Ila mtu aliyependa ndege kiasi kile alisimamia kazi iliyoondoa miti yao, na hadithi hiyo haimo katika picha yoyote ya ndege niliyowahi kuiona.

Miti iliendelea kupungua, kwa pamba, kuni na mifugo, hata mwaka 1984 Mwalimu Nyerere akauona mkoa huu unageuka jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliowarudishia wananchi moyo wa kutenga ngitili, yale malisho ya akiba ya kiangazi ambayo Wasukuma waliyajua tangu zamani. Mpango ulipomalizika mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hondohondo niliowapiga picha mwaka jana wako ndani ya ngitili ya ukoo wetu. Katika picha hiyo niliukata mkia wa ng'ombe uliokuwa umeingia pembeni. Ng'ombe yule ndiye sababu ya mti kuwepo!

Atakuja mtu aseme narudisha ule mjadala mkongwe wa sanaa kwa ajili ya sanaa, kwamba nataka kila picha iwe na jembe. Hapana, na hoja yake naiheshimu. Nilipokwenda Rubondo, kisiwa kilicho ng'ambo ya Geita, nilimpiga furukombe peke yake juu ya mti mkavu, na sioni cha kuongeza. Hata hivyo kisiwa kile kilipofanywa pori la akiba mwaka 1965 wakazi wake walihamishwa, na sokwe walioko sasa asili yao ni wale walioletwa kutoka Ulaya kati ya 1966 na 1969. Utupu wa pale nao umetungwa. Picha yangu haiwezi kuyasema hayo yote, lakini maelezo ya chini yake yanaweza, na mimi niliandika "Furukombe, Rubondo" tu, kana kwamba wino ulikuwa unaisha.

Msimu wa mwaka huu nilirudi kwenye shamba lile. Safari hii nilibisha hodi kwanza. Yule mama aliuliza kama kamera inafukuza ndege, nikamwambia haifukuzi, akacheka akaniruhusu. Nilipanda dungu nikapiga nikiwa nyuma ya mwanawe mdogo. Mkono wenye fimbo umetikisika, debe linaonekana nusu, masuke ya mtama yamejaa upande wote wa kulia, na kwelea ni vitone tu pembeni. Nimeibandika idarani karibu na ile ya kwanza. Wanaosimama bado wanasimama kwenye "Machweo". Mhadhiri mmoja aliniuliza kwa nini ndege wamesukumwa pembeni, nikaanza kumweleza, kengele ikalia.

Babu nakala yake ameipata. Alipitisha kidole juu ya masuke, moja moja, kama anayehesabu.

"Hapa," alisema, "alivuna debe tatu."