BMW K100 na kompyuta mpya: nani sasa anapima hewa?

Mwaka 1983 BMW walitoa K100, pikipiki yao ya kwanza kuacha karbureta na kutumia injekta. Injini yake ina silinda nne zilizolazwa ubavu, ujazo wa cc 987 na nguvu farasi 90. Petroli yake husimamiwa na Bosch LE-Jetronic, mfumo uliobuniwa kwa ajili ya magari. Chuma cha pikipiki hii ni kigumu. Nyingi bado ziko barabarani. Kinachochoka ni mita ya hewa.

Mita hiyo ni kibao kinachosukumwa na hewa dhidi ya springi. Kibao kikifunguka, kidole kidogo cha umeme hutambaa juu ya utepe wa kaboni na kuiambia kompyuta ni hewa kiasi gani inaingia. Miaka inavyokwenda utepe hulika, volti huanza kurukaruka na injini humisi bila sababu ya wazi. Kuna pia wamiliki wanaoibadili K100 iwe nyepesi na ya kimashindano: hulitupa kasha lote la chujio la hewa, hufunga vichujio vidogo vinne, na mita inakwenda na kasha. Kwa vyovyote vile, kompyuta ya zamani inabaki bila habari ya hewa.

Hapo ndipo huja kompyuta ya kuseti mwenyewe. Mojawapo inayofaa injini hii ni MicroSquirt, boksi dogo lenye soketi ya pini 35, linalosetiwa kwa kompyuta mpakato kupitia programu ya TunerStudio. Lina njia mbili za injekta na mbili za moto, na K100 ina koili mbili, kila moja ikihudumia silinda mbili. Kwenye karatasi vinalingana vizuri.

Watu wengi huiogopa kazi hii kwa sababu ya nyaya. Nyaya ni sehemu rahisi. Ugumu uko kwingine: mfumo wa zamani ulipima hewa, mpya unaikadiria. Makadirio hayo yanatoka kwenye jedwali, na jedwali linajazwa na fundi. Kila uamuzi katika kazi hii unafuata kutoka hapo.

Hesabu kabla ya spana

Silinda moja ya K100 ni cc 247 hivi. Ikijaa kabisa hewa ya nyuzi 20 kwenye usawa wa bahari, inabeba takriban gramu 0.3. Petroli huungua kikamilifu kwa uwiano wa gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli, kwa hiyo silinda inadai gramu 0.02, yaani mililita 0.027. Tuseme injekta inamimina mililita 150 kwa dakika: itabaki wazi karibu milisekunde 11.

Sasa linganisha na muda uliopo. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika, mipigo minne ya pistoni huisha kwa milisekunde 15. Ukitaka mchanganyiko mzito kidogo wa kuleta nguvu, karibu 13 kwa 1, na ukiongeza muda ambao injekta hutumia kufunguka kabla haijatoa kitu, nafasi iliyobaki ni finyu. Ndiyo maana injekta hupelekwa kwanza kwenye mashine ya kupimia, zote nne, kwa shinikizo lile lile la pampu. Namba iliyookotwa mahali bila kupimwa itaharibu kila hesabu inayofuata.

Muda wa kufunguka ni mdogo, takriban milisekunde 1, na hurefuka volti za betri zikishuka. Kwenye mwendo mkali kosa dogo la muda huo halionekani. Injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, injekta hufunguka milisekunde 2 hivi tu, na kosa la milisekunde 0.2 tayari ni asilimia 10 au zaidi ya petroli yote. Pikipiki inayokimbia vizuri lakini inazimika kwenye taa za barabarani, hasa taa kubwa na feni vikiwaka, mara nyingi inaumwa hapa. Ukianza kuchezea jedwali la petroli kutibu ugonjwa huo, unatibu mahali pasipouma.

Kukadiria hewa

Njia ya kwanza ya kukadiria ni shinikizo: sensa hupima mvuto ulio nyuma ya kilango cha hewa, nayo kompyuta huuchanganya na joto la hewa na kasi ya injini. Njia hii ni sahihi sana kwenye injini yenye chumba kimoja cha hewa. K100 ina vilango vinne, kila silinda na chake, na mvuto wa kila kimoja hupiga kama mapigo ya moyo. Mafundi huunganisha mipira minne kutoka kwenye vilango hadi kichumba kimoja kidogo, wakiweka vitundu vyembamba njiani ili mapigo yapoe kabla ya kufika kwenye sensa. Hata hivyo, kilango kikifunguka kidogo tu mvuto hupotea karibu wote, na kuanzia hapo hadi mwisho sensa haioni tofauti kubwa.

Njia ya pili ni pembe ya kilango na kasi ya injini. Inamjibu dereva mara moja, lakini K100 haikuzaliwa na sensa ya pembe. Ina swichi inayojua tu kwamba kilango kimefungwa au kimefunguka kabisa. Lazima ifungwe sensa halisi kwenye mhimili wa vilango, na kuitengenezea kishikio kisichocheza ni kazi ya mkono stadi. Kishikio kikilegea nyuzi moja, petroli ya mwendo mdogo hubadilika yote, kwa sababu ni hapo ambapo nyuzi moja ya kilango hubadilisha hewa kwa uwiano mkubwa kuliko popote.

Njia hii ya pili ina upofu mmoja ambao msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Seti pikipiki Mombasa kwa pembe ya kilango peke yake, kisha ipandishe Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Shinikizo la hewa huko ni karibu asilimia 82 ya lile la pwani. Kilango kimefunguka vile vile, kompyuta inatoa petroli ile ile, na mchanganyiko unakuwa mzito kwa asilimia 20 na zaidi. Dawa yake ni sensa ya pili inayopima hewa ya nje muda wote. Kwa maoni yangu K100 inapata matokeo bora zikichanganywa njia zote mbili: shinikizo kwenye mwendo mdogo, pembe kwenye mwendo mkubwa.

Moto usiokosea

Jedwali zuri halisaidii kitu ikiwa kompyuta haijui krenki iko wapi. K100 ina sensa mbili za Hall mbele ya krenki, na kikombe chenye mwanya kinachozipitia. Hizi zilitosha kwa boksi la zamani la moto. Kwa kompyuta mpya taarifa ni chache mno: kati ya ishara moja na nyingine inabaki kubahatisha. Kwa mizunguko 8,000, krenki hupita nyuzi 48,000 kwa sekunde, na injini inayoongeza kasi ghafla huyapita makisio hayo. Gurudumu la meno 36 lililopunguzwa jino moja hutoa ishara kila nyuzi 10, na pengo la jino lililokosekana huonyesha mwanzo wa mzunguko.

Jambo la kuogopwa ni mwelekeo wa ishara ya koili. Kwenye programu kuna chaguo la kusema koili ijazwe umeme ishara ikiwa juu au ikiwa chini. Ukichagua kinyume, koili hujaa muda wote swichi ikiwa imewashwa, na ndani ya dakika chache koili au kiwashi chake huungua. Chaguo hilo huhakikiwa kwanza koili zikiwa hazijaunganishwa.

Kisha inafuata hatua ambayo wenye haraka huiruka. Injekta zinachomolewa, taimingi inafungwa kwenye programu ibaki nyuzi 10, injini inazungushwa kwa stata, na taa ya taimingi inaelekezwa kwenye alama ya krenki. Skrini ikisema 10 na alama ikionyesha 20, injini itagonga hadi pistoni itoboke huku namba zote zikionekana salama. Njia ya busara zaidi ni kuliacha boksi la zamani la moto lifanye kazi yake hadi petroli itulie, ndipo moto uhamie kwenye kompyuta mpya. Kosa likitokea, unajua limetoka upande gani.

Pampu nayo ina sharti lake. Kompyuta iiwashe sekunde 2 kujaza presha, kisha iizime mpaka ione krenki inazunguka. Pikipiki ikianguka na injini kuzimika, petroli haitakiwi kuendelea kusukumwa juu ya sailensa ya moto.

Kulijaza jedwali

Sensa ya oksijeni ya masafa mapana, mfano Bosch LSU 4.9, hufungwa pale mabomba manne ya moshi yanapokutana. Kabla ya hapo vilango vinne vinasawazishwa kwa geji za mvuto, kwa sababu sensa moja inasoma wastani wa silinda nne. Silinda moja nyepesi na moja nzito zitatoa wastani mzuri na injini mbovu.

Mtego mwingine ni kumisi. Silinda isipowaka, petroli na oksijeni yake hutoka pamoja. Sensa huihesabu oksijeni hiyo na kusema mchanganyiko ni mwepesi. Fundi anaongeza petroli, plagi inalowa, kumisi kunazidi, sensa inasema mwepesi zaidi. Kwa hiyo sikio linatangulia skrini: kama injini haiwaki sawasawa, namba ya sensa haina maana.

Jedwali hujazwa kwa mwendo uliotulia, chumba baada ya chumba, kutoka injini ikiunguruma ilipo, hadi mwendo wa safari, hadi kilango wazi kabisa. Sehemu hii ya mwisho ni ya dainamomita. Kuitafuta barabarani ni kuhatarisha watu. Petroli ya ziada ya kuvuta mafuta ghafla husetiwa mwisho kabisa. Ukiiseti mapema, itaficha makosa ya jedwali.

Je, inafaa?

Kama K100 yako ina kasha lake la chujio na mita nzima, acha LE-Jetronic ifanye kazi. Inapima hewa halisi, na inavumilia uchakavu kiasi wa injini bila kuuliza mtu. Kompyuta mpya haitakuongezea nguvu kubwa kwenye injini ambayo haijabadilishwa. Inastahili pale mita imekufa, au njia ya hewa imebadilishwa kiasi kwamba mita haina mahali pa kukaa.

Ukimlipa fundi aifanye, dai vitu vitatu: karatasi ya vipimo vya injekta, mchoro wa nyaya, na faili la seti pamoja na rekodi za safari alizotumia kulijaza jedwali. Pikipiki sasa inategemea makadirio ya mtu, na siku mtu huyo asipopatikana, fundi mwingine atahitaji kuona alikadiria nini na kwa ushahidi gani.